Kupanga Kazi Kabla ya Kuchimba

Kazi yangu ni kuwafundisha vijana wa chuo kikuu wanaosomea uhandisi namna ya kuongoza kazi kubwa tangu mwanzo hata mwisho. Ni hodari wa hesabu: mpe mmoja kimo cha kilima na upana wa bomba, atakwambia pampu iwe na nguvu gani. Lakini mwulize ni nani atakayelipia umeme wa pampu ile mwaka wa kumi, atanyamaza.

Kwa hiyo nawafundisha kwa bomba la Handeni. Nchi ile ni kavu, nao mto Pangani wapita Korogwe. Ndipo katika miaka ya 1970 yakalazwa mabomba ya kupandisha maji ya mto ule hata Handeni. Mwezi wa Juni 2022 mikataba ya maji ya miji 28 ilitiwa sahihi, na miji hii miwili imo.

Huwaambia waandike kazi zote, kisha waonyeshe ipi yangoja ipi. Mjenzi hukata miti matofali yakikauka, bali paa haliwezi kuutangulia ukuta. Vivyo hivyo mtaro waweza kuchimbwa pampu ingali melini. Lakini pampu ikichelewa siku 30, maji nayo yamechelewa, na siku zile zote ni ndoo kichwani mwa mama. Wengi hapo hutaka kuongeza wachimbaji!

Tena siipokei karatasi inayoishia siku ya kufungua bomba. Nataka nione fundi atakayebaki, mshahara wake watoka wapi, na vipuri vitawekwa wapi.