Pima Oda Moja Kwanza

Mpwa wangu mpendwa,

Naingia moja kwa moja kwenye mpango wako wa duka la mtandaoni. Umeeleza watu wangapi watapakua programu yako, ila hukusema oda moja itakuachia shilingi ngapi. Anzia hapo. Ukishatoa bei ya bidhaa, mfuko, nauli ya bodaboda, makato ya malipo ya simu na mizigo inayorudishwa, mkononi kinabaki nini? Kikibaki chochote, wingi wa wateja utakukuza. Ikiwa ni hasara, kila mteja mpya anakuongezea deni.

Pets.com ya Marekani iliuza vyakula vya mbwa na paka kwa bei isiyofikia gharama, na mifuko ile mizito ikamaliza pesa kwa usafirishaji. Iliingia soko la hisa Februari 2000. Novemba mwaka uleule ikatangaza kufunga, ilhali matangazo yake yalijulikana nchi nzima. Umaarufu haukuweza kuziba pengo lililokuwa ndani ya kila oda. Kinyume chake, soko la mtandaoni la eBay, lililoanza 1995, halikununua bidhaa wala kuweka ghala: muuzaji na mnunuzi walikutana, lenyewe likachukua ada. M-Pesa nayo, tangu 2007, hula ada ndogo katika miamala mingi, na mawakala ndio wanaobeba pango la vibanda.

Najua utanijibu kwa Amazon, iliyoanzishwa 1994 na kupata faida ya mwaka mzima kwa mara ya kwanza 2003. Ni kweli, lakini tofautisha hasara na hasara. Amazon iliuza vitabu kwa bei iliyozidi ile ya kuvinunua, na pesa za mteja ziliingia kabla ya wasambazaji kulipwa. Sehemu kubwa ya matumizi yake ilikwenda kwenye maghala, mitambo na kupanua biashara. Anayejenga ghala anaweza kusubiri. Anayelipia sehemu ya bei ya kila mteja hana anachokisubiri.

Utasema pia kwamba tuteke soko kwanza, bei tutapandisha baadaye. Hilo huwezekana pale mteja anapopata hasara akihama, kama wauzaji wa eBay waliofuata walipo wanunuzi. Aliyevutwa na punguzo huondoka nalo, maana programu ya mshindani wako imo kwenye simu ileile. Wala usidhani mtaji mkubwa unatosha: kampuni ya maduka ya mtandaoni ya Jumia iliingia soko la hisa la New York Aprili 2019, na Novemba mwaka huohuo ikafunga shughuli zake Tanzania ili nguvu zake iziweke kwenye masoko mengine.

Kwa hiyo usitafute mwekezaji bado. Chagua mtaa mmoja, uza bila punguzo, andika kila gharama ya kila oda, ukijihesabia na ujira wako. Hesabu hiyo ikikubali, niletee tuzungumze mtaji. Ikikataa, badilisha bidhaa au bei kabla hujabadilisha mtaa.

Wako akupendaye,
Mjomba