Wembe Melini: Barua kwa Mpwa Wangu

Bondeni, Nakuru

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako, tangu asikie umemaliza mafunzo ya usalama pale Bandari Maritime Academy, hajaacha kuwasimulia majirani, na amenionyesha picha uliyomtumia. Umevaa ovaroli, umenawiri, na ndevu zimekujaa kidevuni. Hizo ndevu ndizo zilizonishikisha kalamu. Ukishapanda meli utazinyoa mwenyewe, kazi ambayo hujawahi kuifanya.

Hapa Nakuru umezoea kukaa kwenye kiti cha kinyozi, mashine ikapita, ukapakwa spiriti, ukaondoka. Kwenye meli za abiria, ambako vijana wengi wa Kenya wanapata kazi siku hizi, uso wa mhudumu hukaguliwa kabla ya zamu. Hiyo ni sababu ndogo. Sababu kubwa uliivaa mafunzoni: barakoa ya kupumulia ndani ya moshi. Ndevu, hata za siku mbili, huizuia isibane ngozi, na hewa inavuja pembeni. Sheria za kimataifa zinataka mtungi wa mzima moto melini uwe na angalau lita 1,200 za hewa, au utoshe dakika 30, na mtu anayehema kwa hofu na kazi nzito huumaliza mapema zaidi. Pumzi inayopotelea kwenye ndevu ungeihitaji utafute mlango. Kwa hiyo, mwanangu, usidhani unanyoa kumpendeza msimamizi.

Sasa sikiliza habari ya ngozi yetu. Nywele zetu zimejikunja tangu kwenye mzizi. Ukizikata chini kabisa ncha hubaki kali, na zikiota tena hujipinda zikatoboa ngozi. Ndipo vipele vinatokea shingoni, vinawasha, vinatunga usaha, vinaacha madoa meusi. Miaka niliyokaa melini nimeona vijana wakidhani ni uchafu, wakasugua kwa nguvu, wakazidisha. Kile kinyoleo cha plastiki chenye nyembe tatu au tano ndicho kinachotuumiza zaidi: wembe wa kwanza huvuta nywele juu, wa nyuma yake huikata chini ya usawa wa ngozi. Wewe tumia kishikio cha chuma chenye wembe mmoja, ule ule wa Nacet wa dukani.

Nyoa baada ya kuoga, ngozi ikiwa imelainika kwa maji moto. Maji ya melini mara nyingi hutoka baharini: kwenye meli nyingi huchemshwa kwa joto la injini ndani ya mtambo ulionyonywa hewa, mvuke ukapozwa, chumvi ikabaki nyuma. Ni maji laini, sabuni kidogo tu inatoa povu jingi. Zamani, maji matamu yalipokuwa ya kupimiwa, mabaharia walioga ya bahari, na sabuni nyingi ziligoma kutoa povu humo. Ya mafuta ya nazi ndiyo iliyokubali. Sabuni tunayofulia nyumbani iache kwenye nguo, inakausha uso.

Paka povu kwa brashi, ukizungusha, uliache dakika mbili tatu. Papasa shingo kwanza ujue nywele zinalalia wapi, maana kooni mara nyingi zinakwenda upande. Fuata mwelekeo huo. Wembe uushike kwa wepesi, ngozi usiivute, na usirudie kinyume ukitafuta ulaini wa shavu la mtoto. Ulaini huo ndio unaozaa vipele. Suuza kwa maji baridi. Ukijikata, pitisha jiwe la shabu lililoloweshwa, damu itakatika. Meli ikienda mrama, egemeza mgongo ukutani, panua miguu, ungoje itulie kidogo kabla ya kila mkono. Bahari ikichafuka sana, weka wembe chini.

Vipele vikizuka usivifiche. Mwone mganga wa meli mapema, naye akikupumzisha wembe, mwambie afisa wako ajue kabla ya zoezi la moto.

Wembe usiazimane na mtu, hata mkilala kabini moja mkawa ndugu. Virusi vya homa ya ini aina ya B hupita kwenye damu usiyoiona kwa macho, na huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Nyembe zilizotumika zitie kwenye kopo, likijaa umkabidhi anayeshughulikia taka. Usitupe chooni: vyoo vingi vya meli huvuta kwa hewa, na kitu kidogo huziba mabomba ya watu wengi. Baharini usithubutu. Kutupa plastiki baharini kumekatazwa na mkataba wa MARPOL tangu mwisho wa 1988, na kinyoleo cha plastiki kimo.

Nimekununulia kishikio kipya, brashi na nyembe. Siku ya safari nyembe ziingie kwenye begi kubwa linalopakiwa chini ya ndege. Ukizibeba mkononi watazichukua uwanjani. Lakini usingoje siku hiyo. Njoo Bondeni wiki mbili kabla, uje na ndevu hizo hizo, nikusimamie unyoe mara ya kwanza, ngozi ipate muda wa kuzoea kabla hujapanda meli. Niambie tu utakuja lini, shangazi yako akuandalie kitanda.

Ni mimi,
Mjomba wako