Chuma Chini ya Injini



Wengi wenu mnaendesha pikipiki za kubeba abiria, na barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare mnaijua kuliko sisi. Ni njia ya tangu zamani: misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipita humo, na mwaka 1870 Livingstone alikwama Kabambare miezi kadhaa, akiugua vidonda vya miguu. Siku hizi njia hiyo inajeruhi injini.

Ilikuwa wakati wa kiangazi. Padri paroko alitutuma, sisi makatekista wawili, tumpelekee Komunyo Takatifu mzee mmoja aliyefundisha dini miaka mingi kuliko sisi, naye alikuwa amelala mgonjwa upande wa Kabambare. Tuliondoka alfajiri kwa pikipiki ya parokia. Malori yamechimba mifereji miwili mirefu katika njia ile, na katikati umebaki mgongo wa udongo wenye mawe yaliyofichwa na majani. Tulipokuwa tukipita ndani ya mfereji tulisikia kishindo chini ya miguu yetu. Injini haikuzimika. Tukamshukuru Mungu, tukaendelea.

Hilo lilikuwa kosa la pili. La kwanza tulilitenda wiki mbili kabla. Pikipiki ile ilikuwa na bamba la kukinga injini, limekatwa katika pipa la chuma. Liligongagonga njia nzima, na kila tulipotaka kumwaga oili ya zamani ilitubidi tulifungue lote. Basi tukalitoa, tukisema tutalirudisha. Nyumbani likawa kifuniko cha pipa la maji.

Sehemu ya chini ya injini ni aluminiamu nyembamba. Jiwe huipasua kwa urahisi. Ufa wetu haukuzidi ukucha. Lakini injini ya namna ile hubeba lita moja na kidogo tu ya oili, nayo hulainisha pistoni na gia pamoja, na pikipiki ndogo nyingi hazina taa ya kuonya kwamba inakwisha. Tulisikia sauti ikibadilika, joto likapanda hadi magotini, kisha kila kitu kikakaza. Tukasukuma pikipiki mpaka kijiji kilichofuata, tukaiacha hapo, tukaenda kwa miguu, Ekaristi Takatifu kifuani.

Tulifika kesho yake adhuhuri. Watu walikuwa wameketi matangani. Mjane alitupokea kwa heshima, akasema, “Walimu, aliwaulizia mara tatu.” Hakuongeza neno. Tungependa atukaripie. Tulisali pamoja, na Komunyo tuliyombebea mumewe akaipokea yeye.

Kwa miaka mingi tumewafundisha ninyi na wakubwa zenu mfano wa wanawali kumi, katika Mathayo sura ya 25. Kila mara tulieleza kwamba mafuta yale ni imani, ni sala, ni matendo mema. Hatukatai maelezo hayo. Ila siku ile mafuta yalikuwa mafuta, yamemwagika mchangani kwa sababu kelele za bamba zilituchosha.

Injini ilipokwisha kutengenezwa, tulikwenda kwa kijana mmoja wa Kasongo anayechomelea milango. Alilitazama bamba la zamani akacheka: lilikuwa jembamba mno, tena lilifungwa kwenye injini yenyewe, hata pigo la jiwe likapita moja kwa moja. Jipya alilikata katika chuma cha milimita 3 (zaidi ya hapo ni mzigo bure) akalifunga kwenye vyuma vya fremu, ili fremu ndiyo ipokee pigo. Kati yake na injini aliacha nafasi ya vidole viwili. Mbele alilipinda juu likinge bomba la moshi, bila kuziba upepo unaopoza silinda. Nyuma pia alilipinda, lisinase kwenye gogo tunaporudi kinyumenyume. Penye kila buloni aliweka kipande cha tairi kuukuu, na kelele zikaisha. Chini ya kizibo cha oili alitoboa tundu, oili imwagike bila kufungua chochote. Tundu hilo ndilo tulilolipenda kuliko yote, kwa kuwa tunajifahamu.

Naye alikuwa ametufahamu. “Mwalimu,” alisema, “nikilichomelea kabisa hamtalitoa tena.” Tulikataa, mwanangu yule akanung'unika kidogo. Udongo hujikusanya nyuma ya bamba, hushika joto na kulisha kutu. Lazima lifunguliwe lioshwe. Akaweka buloni nne.

Tumekwisha kurudi mara mbili kwa yule mama. Bamba lina mibonyeo mitatu, mmoja mkubwa kama kiganja. Jumamosi jioni tunailaza pikipiki ubavu, tunaosha udongo, tunakaza buloni. Bamba la zamani bado linafunika pipa la maji.