Kicheko cha Mama

Mwaka mmoja baada ya kumzika baba, nilikwenda Mpanda kumjulia hali mama. Tangu maziko hakuwa amecheka. Jioni moja jirani alileta filamu ya Amri Athumani wa Tanga, aliyetoka katika maigizo ya jukwaani akaingia katika filamu, na watu wakamwita King Majuto. Mimi, mwenye shahada ya udaktari, niliinua kitabu nisimtazame, maana vichekesho vyake nilivihesabu kuwa upuuzi. Mara mama akacheka hata machozi yakamtoka. Nikafunga kitabu kwa haya.

Majuto alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Siku ile nilijiona mdeni: mtu niliyemdharau alimrudishia mama kicheko, na elimu yangu yote haikuweza.