Ziwa Kivu na Mtoto wa Miaka Kumi na Miwili

Ufikapo mwezi wa Julai mvua huwa imekwisha mjini Kigali. Vumbi jekundu hutua juu ya majani ya migomba, shule hufungwa, na katika nyumba nyingi za askari swali moja hurudi wakati wa chakula cha jioni: likizo hii familia iende wapi?

Pengine baba amerejea kutoka kazi ya kulinda amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati au Sudan Kusini, baada ya miezi mingi ya kusikia sauti za wanawe kwa simu tu. Mtoto aliyemwacha akiwa mdogo sasa ana miaka 12. Amekwisha kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na Septemba huenda akaingia shule ya bweni. Siku za kuwa pamoja ni chache, na akiba ya nyumba nayo si kubwa. Hapana budi kuchagua vema.

Gorila wa milima ya Volkano, wanaowavuta wageni kutoka pande zote za dunia, hawamfai mtoto huyo, kwa kuwa aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuwaendea. Hivyo macho ya wazazi huelekea magharibi, kwenye Ziwa Kivu. Je, safari ya majini yamfaa mtoto ambaye si mdogo tena, wala hajawa mtu mzima?

Basi la kwenda Karongi huondoka kituo cha Nyabugogo, likavuka Mto Nyabarongo, likapanda hadi Muhanga, kisha likaanza kuzunguka milima. Ni mwendo wa saa tatu hivi, na kona zake ni nyingi. Mtoto anayechafukwa na moyo garini yafaa akae mbele na ale chakula chepesi. Na wazazi watambue mapema kwamba huenda majini nako akapata taabu hiyo hiyo.

Halafu, nyuma ya kilima kimoja, ziwa hutokea. Lipo yapata meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake hupita meta 450. Mwambao wake umekatwakatwa na ghuba ndogo, na visiwa vimetawanyika kama ng'ombe malishoni. Boti za kukodi huchukua watu kwa saa chache hadi Kisiwa cha Napoleon, ambako popo wengi hukaa mitini, au hadi Kisiwa cha Amahoro. Jioni wavuvi wa sambaza hutoka na mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu, miti mirefu ikiwa imetokeza mbele na nyuma, nao huimba wakipiga makasia. Usiku taa zao huonekana mbali majini.

Mtoto wa miaka mitano ataona maji na ndege. Wa miaka 12 atauliza sambaza walitoka wapi, naye ajibiwe kwamba waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1950. Ataonyeshwa mtambo unaovuta gesi ya methani kutoka kilindini, na kuambiwa kwamba kituo kilichozinduliwa mwaka 2016 huitumia kuzalisha megawati 26 za umeme. Aidha, juu ya kilima kando ya ziwa lipo kanisa lenye kumbukumbu ya watu waliouawa mwaka 1994. Hapo pia atauliza, na mzazi asilikimbie swali hilo. Umri huu ndio unaofaa kwa safari, kwa sababu ndio umri wa maswali.

Katika miaka ya karibuni imeletwa pia meli ndogo ya kitalii, Kivu Queen uBuranga, yenye vyumba 10 vya kulala. Ni fahari ya ziwa. Lakini kwa mara ya kwanza, siku mbili au tatu za kukaa chomboni huweza kuwa ndefu kwa mtoto aliyezoea kukimbia uwanjani na wenzake, na gharama yake si ya mshahara wa askari wa kawaida. Saa tatu za boti asubuhi, kisha mchana nchi kavu, zatosha kupima moyo wake. Akifurahi, ya pili itakuwa ndefu zaidi.

Juu ya usalama hakuna mjadala. Oktoba 2024, upande wa Kongo, boti iliyojaa abiria kupita kiasi ilizama karibu na Goma, na watu wengi wakapoteza maisha. Basi kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha kabla boti haijaondoka gatini, na la mtoto limkae sawasawa mwilini; la mtu mzima litamvuka kichwani. Abiria wakizidi, au mawingu yakikusanyika, familia ishuke, hata kama nauli imekwisha kulipwa. Aogelee tu pale wenyeji wanaporuhusu, maana kaskazini, upande wa Rubavu, zipo sehemu zenye hewa nzito ya sumu ambayo watu wa huko huiita mazuku.

Jambo la mwisho husahauliwa mara nyingi: mtoto mwenyewe aulizwe. Askari amezoea kupokea amri na kuitoa, lakini likizo si gwaride. Kijana aliyeshirikishwa katika kuchagua siku, kuhesabu nauli na kufungasha sweta za jioni huenda kama mwenye safari, hachukuliwi kama mzigo. Apewe kazi pia: awe mhesabu majaketi, au mtunzaji wa mdogo wake.

Akifanya hivyo, baba aliyekuwa mbali atamwona jinsi alivyokua. Na hilo, wakati boti inarudi Karongi na jua likizama upande wa Ijwi, ndilo jambo ambalo familia iliondoka Kigali kulitafuta.