Matanga ya Barafu

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na kiongozi wa msafara wake hakuwa na jina la kitu kile. Alisema tu: baridi. Huko London mwanajiografia William Cooley akabisha. Theluji karibu na ikweta, wapi na wapi! Tulibishiwa kwamba ipo, na sasa inakwisha.

Mwaka 1912 barafu ilifunika kama kilomita za mraba 12 za Kilimanjaro. Kufikia 2011 zilikuwa hazifiki 2. Hizo ni hesabu za wapimaji. Mimi huhesabu kila Desemba, tunapopanda kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa Krismasi. Mawingu yakifunguka asubuhi nautazama mlima kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyemwacha mwaka jana. Amepungua tena. Hakuna anayesema neno, tunaendelea na chai.

Zamani nilidhani tunachokililia ni maji. Wataalamu wamenikosoa: mifereji yetu hulishwa zaidi na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, si na barafu. Hata kupungua kwenyewe kulianza mwishoni mwa karne ya 19, hewa ilipokauka na theluji mpya ikaadimika. Basi kama hatukuinywa, tumepoteza nini?

Swali hilo lilinirudisha kwa Ayubu. Rafiki zake walikaa naye chini siku saba, kimya, na siku hizo walikuwa waombolezaji kweli. Walipofungua vinywa kueleza ndipo walipoharibu. Wahubiri wa namna yao ninao masikioni: ukame umeletwa na dhambi za kijiji. Dhambi ya nani? Ya mama mwenye mzigo mmoja wa kuni, ilhali moshi mwingi wa dunia hii umetoka kwa matajiri wa mbali? Mungu mwenyewe hakumjibu Ayubu hivyo. Alimwuliza kama amewahi kuingia ghalani mwa theluji, kisha akataja mvua inayonyesha nyikani pasipo na mtu. Theluji isiyomfaa yeyote, na bado Mungu ana ghala yake.

Walutheri wa kwetu wamepanda miti mingi, Askofu Fredrick Shoo akiwa mstari wa mbele, na ninaiheshimu kazi hiyo. Msitu ndio unaotunywesha. Ila naona tumeshika majembe kabla ya kukaa matanga. Mwaka 2019 watu wa Iceland walipanda hadi ilipokuwa barafu ya Ok, wakaweka bamba la kumbukumbu. Sisi tuna ibada ya mazishi, tuna ya kuweka msalaba kaburini. Ya mlima hatuna.

Wazee wa Kichagga waliwazika wafu wao wakielekea Kibo. Kaburi la babu wa babu yangu liko nyuma ya nyumba, kati ya migomba, halina hata jiwe. Tunalijua kwa kuwa tulionyeshwa. Uso wake uko kule.