Mkufu wa Meya

Meya wa mji mdogo nchini Kenya hakupigiwa kura na wananchi. Wao walichagua diwani wa wadi yao. Madiwani, pamoja na wale wa kuteuliwa, ndio waliomchagua mmoja wao. Manispaa kama Malindi ilikuwa na meya, ilhali baraza la mji lilikuwa na mwenyekiti. Kijana wa leo hajui tofauti hiyo. Neno meya kwake ni la habari za ng'ambo.

Siku za kuelekea uchaguzi huo, madiwani walitoweka majumbani. Kambi moja iliwaficha kwenye hoteli ya mbali, wakala na kulala huko, ili kambi ya pili isiwafikie. Ilikuwa aibu, na deni la meya lilianzia hapo: waliomnyanyua walidai uenyekiti wa kamati ya fedha na ile ya mipango ya mji, iliyopitisha mambo ya viwanja. Viwanja vingi vya umma vilipotea kwa njia hiyo.

Joho na mkufu vilivaliwa siku ya baraza. Utendaji wa kila siku ulikuwa mikononi mwa karani wa manispaa. Meya aliongoza vikao, akapokea wageni, akasukuma maazimio yasilale.

Kazi ya diwani ilianza alfajiri, kibarazani kwake. Walikuwapo wafiwa wanaotafuta gari la maiti, kijana anayetaka barua ya kumtambulisha, na mama muuza mboga ambaye meza yake imebebwa na kanju, askari wa baraza. Mama huyo alilijua baraza kuliko wengi. Kila siku alilipa ada ya soko, akapewa tikiti, akaifunga kwenye pindo la leso. Diwani akipita sokoni, alilifungua fundo mbele yake: tikiti zimelowa jasho, zinanuka dagaa na kitunguu, nyingine wino umefutika. "Bwana diwani, pesa zote hizi, na choo bado kimefungwa?" Wenzake waliacha kupima nyanya, wakangoja jibu. Ukaguzi wa hesabu ungeweza kuchukua miaka; ule wa pindo la leso ulifanyika papo hapo, na diwani mwenye haya alilifikisha neno hilo barazani kabla ya mwezi kwisha.

Fedha hazikutosha kamwe. Sheria ya 1969 iliyapokonya mabaraza ya kaunti ya wakati ule shule za msingi, afya na barabara. Baadaye mfuko wa serikali kuu ulioitwa LATF, kwa sheria ya 1998, ukayagawia mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato. Taa kadhaa ziliwaka, masoko kadhaa yakaezekwa.

Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza yote 175 yalikoma. Bunge la Kaunti ya Kilifi, ambamo Malindi imo, hukutana Malindi penyewe, lakini ajenda yake ni ya kaunti nzima, na ofisi ya gavana iko mjini Kilifi. Bodi za manispaa zilizokuja baadaye hazipigiwi kura na wakazi, na hilo ni pengo kubwa: anayepanga takataka zizolewe lini hana wadi inayoweza kumnyima kura.

Mwakilishi wadi wa bunge la kaunti naye ana eneo pana na safari nyingi. Waliokuwa mameya bado huitwa "Meya" kwenye mabaraza ya kahawa. Watu huwaletea habari za mtaro uliofurika. Huzisikiliza mpaka mwisho, kisha huuliza kama mwakilishi wadi ameshapigiwa simu.